Palissy: Mfinyanzi aliyechoma meza zake

Mtu afikapo Mambrui, kaskazini ya Malindi, hakosi kuonyeshwa lile kaburi la kale lenye mnara, ambalo wazee walilipamba kwa kupachika bakuli za Kichina katika chokaa. Huko Gedi nako, wachimbuzi wa mambo ya kale walipoanza kazi mwaka 1948, walifukua vigae vingi vya namna hiyo: vya kijani, vya buluu na vyeupe, na vingine vya manjano vilivyotoka nchi za Kiislamu. Vigae hivyo vimelala ardhini kwa mamia ya miaka, lakini ukivipangusa vumbi vinang'aa kana kwamba vimetoka dukani jana.

Pamoja na vigae hivyo hupatikana vya vyungu na mitungi iliyofinyangwa papa hapa pwani. Hivi havina mng'aro. Si kwamba wafinyanzi wetu hawakuijua kazi, la hasha. Mtungi usiokuwa na mng'aro hupenyeza maji kidogo kidogo, na maji yale yakaushwapo na upepo, yaliyobaki ndani hupoa. Kila chombo na kazi yake. Hata hivyo, mtu mwenye akili za kudadisi hawezi kukitazama kigae cha Gedi asijiulize: ule mng'aro ni kitu gani, na ulipakwaje hata ukadumu hivyo?

Jibu lake ni jepesi kulisema. Mng'aro ule ni kioo. Mchanga mweupe hauyeyuki upesi hata ukitiwa katika moto mkali. Lakini ukisagwa na kuchanganywa na majivu ya mimea fulani, hasa ile iotayo penye chumvi, au na unga wa risasi iliyochomwa, huyeyuka, na ukishapoa hubaki juu ya udongo kama ngozi ya kioo. Ukiongeza unga wa bati lililochomwa, ngozi hiyo huwa nyeupe kama maziwa. Ukiongeza shaba huwa kijani, na ukiongeza chuma hupata rangi ya asali au ya hudhurungi. Vitu vyote hivi hupatikana ardhini, ufuoni na mekoni. Kuviokota si kazi. Kazi ni kujua kiasi cha kila kimoja, na moto wa kiasi gani.

Kwa ajili ya kulijua jambo hilo peke yake, yuko Mfaransa mmoja aliyetumia karibu miaka 16 ya maisha yake, akamaliza mali yake, akaichosha familia yake, na akafika hata kuzitia meza za nyumbani kwake katika tanuu. Jina lake ni Bernard Palissy.

MCHORAJI WA VIOO

Palissy alizaliwa kiasi cha mwaka 1510, upande wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Hakutoka katika nyumba ya utajiri, wala hakusoma Kilatini au Kiyunani, ambazo zilikuwa ndizo lugha za wanavyuoni wa Ulaya wakati ule. Alichojifunza ni kusoma na kuandika lugha ya kwao, kuchora na kupima. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka rangi vioo vya madirisha ya makanisa.

Kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa ufundi, alitembea miji mingi ya Ufaransa akitafuta kazi. Njiani hakuwa mtu wa kupita tu. Alitazama mawe, udongo, chemchemi na makombe aliyoyakuta yameganda ndani ya miamba mbali na bahari, na yote akayaweka moyoni.

Kiasi cha mwaka 1540 alikuwa amekwisha kuhamia mji wa Saintes, katika jimbo la Saintonge, si mbali na Bahari ya Atlantiki. Hapo alikuwa na mke na watoto, naye akafanya kazi mbili: uchoraji wa vioo na upimaji wa ardhi. Lakini kazi ya vioo ilikuwa ikipungua mwaka hata mwaka.

Ndipo siku moja akaonyeshwa kikombe cha udongo chenye mng'aro mzuri ajabu. Kikombe hicho kilitoka wapi? Palissy hakusema, na wataalamu wanabishana mpaka leo: wako wasemao kilitoka Italia, na wako wasemao vingine. Lililo hakika ni kwamba tangu siku ile hakuwa na raha. Aliona kwamba, kwa kuwa mkono wake umezoea kuchora, akiipata siri ya mng'aro ataweza kutengeneza vyombo vya kumtajirisha. Tatizo moja tu: hakujua lolote juu ya ufinyanzi. Akaanza kama mtu apapasaye gizani.

SIRI ILIYOKUWA YA ZAMANI

Hapa hatuna budi kumwacha Palissy kidogo, turudi nyuma, kwani lililo la kusikitisha katika kisa chake ni kwamba kitu alichokuwa akikitafuta hakikuwa kipya duniani.

Katika karne ya 9, siku za makhalifa wa Bani Abbasi, wafinyanzi wa Iraq, hasa wa Basra, waliviona vyombo vyeupe vilivyoletwa kwa jahazi kutoka China. Udongo mweupe wa Kichina hawakuwa nao. Wao walikuwa na udongo wa rangi ya manjano. Basi wakavumbua hila: waliufunika udongo wao kwa mng'aro mweupe uliotiwa bati, na chombo kikaonekana kama cha Kichina. Juu ya weupe huo wakachora kwa rangi ya buluu, na baadaye kwa rangi yenye kumetameta kama dhahabu.

Vyombo hivyo vilisafiri. Vigae vyake vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Maana yake ni kwamba wako watu wa pwani hii walioandaliwa chakula katika bakuli za mng'aro mweupe zaidi ya miaka 500 kabla Palissy hajazaliwa.

Ufundi huo ulitoka Iraq ukafika Misri, ukavuka mpaka Andalusia, ukashika mizizi Malaga na nchi ya Valencia, kisha ukaingia Italia katika miji kama Faenza. Isitoshe, mwaka 1301 mtu mmoja wa Kashan huko Uajemi, Abu'l-Qasim, ambaye jamaa zake walikuwa mafundi mashuhuri wa vigae vya mihrabu, aliandika kwa Kiajemi namna ya kutengeneza mng'aro. Alitaja mawe na mahali yatokako, akataja mmea unaochomwa kupata majivu, akataja na vipimo.

Lakini maandiko ya Kashan hayakufika Saintes. Na mafundi wa Hispania na Italia, kama walivyo mafundi wengi, walirithishana siri baba kwa mwana na kuwafungia wageni mlango. Wafinyanzi wa Saintonge walijua mng'aro wa kijani wa risasi tu. Basi Palissy, katika jambo lililojulikana Basra miaka 700 kabla yake, ilimbidi aanze na alifu.

ALAMA KATIKA VIGAE

Alinunua vyungu akavivunja vipande vipande. Kila kigae alikipaka mchanganyiko wake, akakitia alama, na akaandika kando alama ile pamoja na vitu alivyovichanganya. Vitu alivyovijaribu alivitaja baadaye kitabuni: bati, risasi, chuma, pua, shaba, jiwe la wanja, mchanga, majivu ya masimbi ya mvinyo, jiwe jeusi la kutoka Périgord, na majivu ya mmea wa ufuoni uitwao salicor.

Mmea huu wa mwisho wafaa kuelezwa. Huota katika matope ya chumvi, vishina vyake ni vinene na vimejaa maji, na unafanana na ile mimea minene tuionayo nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji ya bamvua hufika na kurudi. Ukichomwa, majivu yake huwa na magadi mengi, na magadi ndiyo yanayoufanya mchanga uyeyuke. Mmea ambao Abu'l-Qasim aliueleza Kashan ulikuwa wa namna hiyo hiyo, mmoja wa jangwani na mwingine wa pwani.

Palissy alijenga tanuu, akatia vigae, akawasha. Vingine viliungua, vingine vikatoka vibichi. Hakujua ni mchanganyiko ulioharibu au ni moto. Alibomoa tanuu akajenga jingine. Miaka ikapita, na fedha ya kuni na ya vyungu ikapita nayo. Halafu akapeleka vigae kwa wafinyanzi wa jirani vichomwe katika matanuu yao, lakini moto wa wafinyanzi wale ulikuwa mdogo kwa vitu vyake. Kila mara alirudishiwa vigae kama alivyovipeleka.

Alipokuwa amekata tamaa, serikali ilimpa kazi. Mwaka 1543 mfalme wa Ufaransa aliamuru mashamba ya chumvi ya Saintonge yapimwe ili yatozwe kodi. Mashamba hayo ni mabwawa yanayojazwa maji ya bahari yakaushwe na jua, kama tuyaonayo kwetu Gongoni na Kurawa. Palissy aliyapima na kuyachora ramani, akalipwa vizuri. Mtu mwingine angetengeneza nyumba yake. Yeye alirudi kwenye vigae.

Safari hii alivipeleka kwa watengenezaji wa vioo, ambao moto wao ni mkali zaidi. Vikaanza kuyeyuka kidogo. Alikwenda na kurudi kwa muda wa miaka miwili. Mwishowe, akiwa amekwisha azimia kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, alikwenda na michanganyiko zaidi ya 300. Baada ya saa nne, kigae kimoja kilitolewa motoni, na kilipopoa kilikuwa cheupe, laini, chenye kung'aa. Furaha aliyoipata alisema ilimfanya kama kiumbe kipya.

MEZA NA MBAO ZA SAKAFU

Maskini! Hakujua kwamba taabu yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kigae kimoja si sahani mia.

Alikaa miezi saba au minane akijifunza kufinyanga vyombo. Kisha akajenga tanuu la mfano wa lile la watengenezaji wa vioo. Hakuwa na fedha ya kuajiri mtu hata mmoja, hivyo matofali aliyabeba mgongoni mwenyewe, maji aliteka mwenyewe, na udongo akakanda mwenyewe. Baada ya hapo alisaga madawa yake ya mng'aro usiku na mchana kwa zaidi ya mwezi mzima. Akapaka vyombo, akavipanga, akawasha moto.

Siku sita na usiku wake alikaa mbele ya tanuu akitia kuni, na mng'aro haukuyeyuka. Akadhani ameikosea ile dawa ya kuyeyushia, ameitia kidogo. Bila kuuacha moto uzimike, akasaga nyingine, akanunua vyungu vingine, akavipaka, akavitia. Mara kuni zikamwishia.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililomfanya Palissy asisahauliwe. Aling'oa miti iliyoshikilia mimea ya bustani yake, akaitia motoni. Haikutosha. Akaingia nyumbani, akachukua meza. Haikutosha. Akang'oa mbao za sakafu. Mke na watoto wakitazama.

Waliokuja kumfariji walikwenda mjini wakitangaza kwamba amepata wazimu na anachoma nyumba yake. Wengine wakasema anatengeneza fedha za bandia. Palissy akawa anapita njiani ameinamisha kichwa kwa aibu. Madeni yalimzunguka. Alikuwa na watoto wawili wachanga kwa wanyonyeshaji, na ujira wa wanyonyeshaji hao haukulipika. Alikonda hata soksi zikawa hazikai miguuni, zinamteremka mpaka kisiginoni anapotembea.

Watu wamezoea kumsifu kwa siku hiyo, na kweli alikuwa mtu wa subira. Lakini haki yataka tumkumbuke na mkewe. Yule mama hakuandika kitabu. Tunamjua tu kwa yale mumewe aliyolalamika, kwamba alikuwa akimlaumu. Na angeacha vipi kulaumu? Meza ile ilikuwa yake pia. Subira ya mtu mmoja hulipwa na wengi waliomo nyumbani mwake, na mara nyingi jina lao haliandikwi.

MAKOSA NDIYO MWALIMU

Mtafutaji hachoki. Palissy alimwajiri mfinyanzi mmoja kwa miezi sita, na alipokosa fedha ya kumlipa alimpa nguo zake mwenyewe.

Akajenga tanuu jingine. Mara hii mng'aro uliyeyuka sawasawa, lakini udongo aliojengea ulikuwa na vijiwe vigumu ndani yake. Moto ulipokolea, vijiwe vikapasuka, na vipande vyake vikaruka na kuganda juu ya mng'aro uliokuwa laini. Vyombo vilikuwa vizuri ila vimejaa miba ya mawe yenye kukata. Wako waliotaka kuvinunua kwa bei ya chini. Palissy alikataa. Alivivunja vyote, akaenda kulala kwa huzuni, na wenye kumdai wakazidi kumpigia kelele.

Mara nyingine ndimi za moto zilibeba majivu yakatua juu ya vyombo. Kwa kosa hilo alijifunza kuvifunika vyombo ndani ya makasha ya udongo kabla ya kuvichoma. Mara nyingine rangi moja iliungua na nyingine haijaiva, kwa kuwa kila mchanganyiko una moto wake. Kwa kosa hilo alijifunza kuzilinganisha rangi hata zikayeyuka zote pamoja. Tanuu lake lilikuwa halina paa, na usiku wa mvua alirudi ndani alfajiri amelowa, akipepesuka kama mlevi.

Hivyo ndivyo alivyokwenda, kosa baada ya kosa, mpaka akaishika kazi. Na cha ajabu ni kwamba lililomtangaza si ule weupe alioanza kuutafuta. Lililomtangaza ni rangi: kijani, buluu, hudhurungi na zambarau, zilizoyeyuka na kuingiliana kama maji ya kidimbwi.

SAHANI ZA NYOKA NA MAKOMBE

Juu ya sahani zake kubwa Palissy aliweka samaki, vyura, mijusi, nyoka, kaa, makombe na majani ya kangaga. Hakuvichonga kwa kukisia. Alichukua viumbe wenyewe, akawatolea kalibu ya plasta, ndiyo maana kila gamba la samaki na kila mshipa wa jani huonekana. Mwanamke wa kwetu akipewa sahani ya namna hiyo ampakulie mumewe wali angeshituka! Lakini hazikuwa za kulia chakula. Zilikuwa mapambo ya majumba ya wakubwa.

Mmoja wa wakubwa hao alikuwa Anne de Montmorency, jemadari mkuu wa Ufaransa, ambaye mwaka 1548 alikuja upande wa Saintonge kuyazima maasi ya watu waliokataa kodi ya chumvi. Huyu aliipenda kazi ya Palissy akamwagiza ampambie bustani.

Ilikuwa bahati njema, kwani Palissy alikuwa ameingia madhehebu ya Kiprotestanti, na Ufaransa wakati ule ilikuwa ikiungua kwa vita baina ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 1562 alikamatwa, akafungwa Bordeaux, na karakana yake ikavunjwa. Montmorency, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, pamoja na mama yake mfalme, Catherine de Médicis, walimnusuru. Alipewa cheo cha fundi wa mfalme, na cheo hicho kilikuwa ngao yake. Baadaye alihamia Paris, akapewa mahali pa kujenga matanuu katika eneo la Tuileries, karibu na jumba la mfalme. Matanuu yake yalifukuliwa mwaka 1865, na katika miaka ya 1980 yakapatikana maelfu ya vipande vya kalibu na vyombo vyake.

ALICHOKITOA NA ALICHOKIFICHA

Sasa twafika kwenye jambo lililonifanya nimchague mtu huyu.

Tangu mwaka 1575 Palissy, mtu asiyejua Kilatini, alifungua mihadhara mjini Paris. Alibandika matangazo njia panda, akatoza ada ya sarafu moja ya ecu, na akaahidi kumrudishia mara nne mtu yeyote atakayethibitisha kwamba amesema uwongo. Wanavyuoni na waganga walikuja, miongoni mwao Ambroise Paré, daktari wa mfalme. Palissy aliwaambia kwamba maji ya chemchemi asili yake ni mvua inayozama ardhini na kuzuiwa na tabaka ngumu chini. Aliwaambia kwamba makombe yaliyo ndani ya miamba yalikuwa viumbe hai kweli, wala si mchezo wa maumbile. Hakuna aliyeweza kumdai fedha yake.

Mwaka 1580 aliyachapisha mambo hayo katika kitabu, akiyapanga kama mazungumzo baina ya wawili, mmoja ni Nadharia na mwingine ni Vitendo. Nadharia huuliza, Vitendo hujibu. Kuhusu maji, mawe na mbolea, Vitendo hujibu bila kuficha kitu. Lakini Nadharia anapouliza namna ya kutengeneza mng'aro, Vitendo anaeleza taabu zote, anataja majina ya vitu vyote, kisha ananyamaza. Vipimo hatoi.

Sababu zake alizieleza. Alisema kwamba ufundi ukienea kwa kila mtu hudharauliwa, akatoa mfano wa vifungo vya rangi vya Limoges, vilivyokuwa na bei nzuri mpaka watu wengi walipojua kuvitengeneza vikawa vya bei ya kutupa. Naye aliyaona hayo kwa macho yake katika kazi ya vioo. Tena alishikilia kwamba hata mtu akipewa vipimo hataweza bila kukosea na kujifunza mwenyewe. Maneno hayo yana ukweli, na mtu aliyechoma sakafu yake ana haki ya kuuliza kwa nini ampe jirani bure.

Lakini tazama matokeo yake. Yale aliyoyatoa wazi, habari za mvua na chemchemi na makombe ya miambani, yaliingia katika elimu ya dunia, na jina lake linatajwa kwa heshima miongoni mwa waanzilishi wa elimu hiyo. Lile alilolificha lilikuwa na njia nyingine. Waliomfuata waliiga sahani zake kwa muda, kisha ufundi ukafifia. Katika karne ya 19 Mfaransa mwingine, Charles-Jean Avisseau wa Tours, alipoiona sahani ya Palissy akaingiwa na hamu ile ile, ilimbidi atumie miaka mingi ya majaribio kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1843. Mtu wa pili akapita njia ile ile ya gizani, kwa sababu wa kwanza hakuacha taa.

MWISHO WA MZEE

Baadaye vita vya dini vilimrudia. Alikamatwa tena, na mwaka 1588 akatiwa ngomeni Bastille, mzee aliyekaribia miaka 80. Angaliiacha imani yake angalitoka. Hakuiacha. Alifariki humo mwaka 1590 kwa njaa, baridi na mateso.

Leo sahani zake zimewekwa katika jumba la Louvre na majumba mengine makubwa ya makumbusho, na watoto wa Ufaransa wamesimuliwa kizazi baada ya kizazi habari za meza zilizochomwa. Wataalamu wa maabara wamezichunguza rangi zake na kukuta risasi kwa wingi, kitu ambacho siku hizi kinajulikana kuwa sumu na hakifai katika chombo cha chakula. Yumkini mwenyewe aliuvuta moshi wake maisha yake yote.

Sisi tulioko pwani kisa hiki kisituone kwamba ni cha Wazungu tu. Mtepe, ile jahazi ya kushonwa kwa kamba bila msumari, uliundwa Pate na Lamu kwa karne nyingi. Fundi alikuwa na vipimo vyake kichwani. Zilipokuja nyakati nyingine, mafundi wakafariki mmoja mmoja na vipimo vikaingia nao kaburini. Zanzibar walipotaka kuunda mtepe mwaka 2003, iliwabidi wasaidiwe na vielelezo vidogo na picha za zamani.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Kila mtaa wetu una fundi mmoja au wawili wa aina hii: mchonga milango, mshona kofia, mama mfinyanzi ajuaye udongo upi hauvunjiki motoni. Kwenda kuketi nao na kuandika vipimo vyao hakuhitaji kuchoma meza. Yahitaji kalamu, daftari na adabu ya kumwamkia mkubwa, naye angali hai.